Mbio za Kuchelewa

Katika miaka yote aliyoendesha treni, hakuna abiria aliyewahi kumwagikiwa na chai kwa sababu yake. Alikuwa akilisema hilo mwenyewe bila haya, na waliosafiri naye hawakumbishia. Alijua kuiondoa treni stesheni kwa namna ambayo mtu aliyeketi dirishani angedhani ni jukwaa linalorudi nyuma, mpaka aone nguzo zinapita ndipo ajue kuwa safari imeanza. Kwa mwendo huo wenzake walimbatiza jina la Kinyonga. Mwingine angeona ametukanwa. Yeye alilivaa jina hilo kama cheo.

Alipostaafu, wenzake wa karakana walimpa zawadi ya kichwa cha treni cha urefu wa kiganja, rangi ya kijani na mstari wa manjano, mfano wa kile alichokuwa akikiendesha kuvuta mabehewa ya abiria. Kilikuwa na taa mbele, ngazi ubavuni, na ndani ya kibanda alikaa dereva wa plastiki aliyevaa kofia. Kwa zawadi hiyo Kinyonga akajiunga na chama cha watu wa reli ndogo, waliokutana kila Jumamosi katika ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la rangi. Walikuwa watu wazima na akili zao, wakibishana kuhusu mataruma ya reli yenye unene wa njiti za kiberiti.

Chama hicho kilikuwa na mashindano yaliyoitwa mbio za kuchelewa. Vichwa viwili viliwekwa kwenye reli mbili zilizolala sambamba juu ya meza ndefu, kila kimoja na kizungushio chake cha umeme. Filimbi ikilia, vinaondoka. Anayefika wa mwisho ndiye mshindi. Lakini kichwa kikisimama njiani, hata kwa kitambo cha kupumua, kimetoka mchezoni. Kinyonga alipoelezwa alicheka mpaka akatoa leso.

"Jamani," alisema, "mashindano haya mmenitungia mimi."

Siku ilipofika akavaa shati lililopigwa pasi. Filimbi ikalia, akazungusha kizungushio kidogo. Kichwa kikanuna pale pale. Akaongeza kidogo. Kimya. Akaongeza tena, na kile kichwa kikaruka kama mbuzi aliyeumwa na nyuki, kikala reli yote, kikagonga kizuizi cha mwisho na kuanguka sakafuni, magurudumu juu. Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, na yeye alicheka pamoja nao. Kisha akakiokota, akakifunga ndani ya taulo, akaenda nacho nyumbani na kukiweka juu ya kabati. Jumamosi iliyofuata hakwenda. Wala ile iliyofuata.

Mke wake alivumilia wiki kadhaa, halafu akajifunga mtandio na kwenda kwa wifi yake.

Wifi huyo alikuwa mdogo wake Kinyonga, tumbo moja. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, na mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, kwanza kwa kazi yake, pili kwa ulimi wake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu chini ya dirisha, na cherehani zimejipanga ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Kwenye kona aliweka mashine ndogo ya kukereza vyuma, aliyoinunua kwa jasho lake baada ya kuchoka kuwabembeleza mafundi wengine wamchongee vipuri.

"Wifi, kaka yako hana raha," alisema mke wa Kinyonga, akijisogezea kigoda. "Anakaa kitandani anautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama mgeni asiyejua ameletwa na nani."

"Ule unaotetemeka?"

"Huo huo. Siku hizi akitoka nje anautia mfukoni. Daktari alishamwambia si ugonjwa wa kuua, ni mishipa tu na umri. Lakini tangu yale mashindano yao, hata kikombe hataki kukishika mbele za watu. Anasema kile kichwa kiliruka kwa sababu ya mkono."

Bi Sindano aliweka chini bisibisi. "Amesema, au umemsoma?"

"Mume niliyekaa naye miaka yote hii, nasubiri aseme?"

Jioni ile Bi Sindano alikwenda kwao. Alimkuta kaka yake sebuleni, redio inaongea peke yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wifi yako amekwisha kukupelekea umbea, naona."

"Amenipelekea kazi. Kile kichwa chako cha treni kiko wapi?"

"Juu ya kabati. Kichukue, wape wanaokusanya vyuma chakavu."

Alisema hivyo akitazama redio. Bi Sindano hakusubiri aghairi. Alipanda kiti, akashusha taulo na kilichokuwamo, pamoja na kipande cha reli na kizungushio, akaaga.

Kesho yake, kabla hajagusa parafujo hata moja, alipanga reli juu ya meza ya kazi. Bi Sindano alikuwa na mkono uliotulia. Aliweza kutunga uzi kwenye sindano huku anagombana na mteja. Akazungusha kizungushio taratibu. Kichwa kikanuna. Akaongeza. Kikaruka, akakidaka ukingoni mwa meza. Akarudia mara nyingi, mbele na nyuma, na kila mara kilikuwa ni kile kile cha kununa kisha kuruka. Akatuma ujumbe, na kaka mtu akaja na mkewe, mkono mfukoni.

"Tazama," alisema Bi Sindano, akazungusha. Kichwa kikaruka.

"Umeongeza kwa pupa," alisema Kinyonga.

"Haya. Wifi, njoo wewe."

Mke wa Kinyonga akajifuta vidole kwenye kanga, akazungusha kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto. Kichwa kikaruka mara mbili, kikakwama.

"Basi sote watatu tunatetemeka," alisema Bi Sindano. "Ukoo mzima, na walioolewa humo."

Mke wa Kinyonga akaangua kicheko. Kinyonga hakucheka, lakini aliinama akakitazama kile kichwa kwa karibu, kwa mara ya kwanza tangu kilipoanguka.

"Kina nini?" aliuliza.

"Sijui bado. Vuta kiti."

Alikifungua mbele yake. Alitoa bodi, lile ganda la nje, akaiweka pembeni juu ya kitambaa, na chini yake ikaonekana mota nyeusi, na kutoka kwenye mota shafti yenye skrubu iliyokuwa ikizungusha gia ya magurudumu. Mafuta yaliyotiwa kiwandani yalikuwa yameganda yakawa kama ulimbo. Bi Sindano aliyakwangua, akaosha gia moja moja kwa brashi, akazikausha. Kisha akaishika mota peke yake, akaizungusha shafti kwa vidole viwili, akampa kaka yake.

"Zungusha wewe. Unasikia nini?"

Kinyonga alisita, kisha akautoa mkono mfukoni. Akazungusha. "Inang'ang'ania. Halafu inafyatuka. Halafu inang'ang'ania tena."

"Ndani mna chuma chenye pembe tatu, na sumaku imekizunguka. Kila pembe ikipita, sumaku inaivuta shati. Umeme ukiwa mdogo, mota haina nguvu ya kujinasua. Ukiuongeza ikajinasua, tayari umeshailisha umeme mwingi, lazima iruke. Ungempa malaika akiendeshe, kingeruka."

Kinyonga aliendelea kuizungusha ile shafti muda mrefu, mbele na nyuma.

Bi Sindano alianza na yaliyo rahisi. Ile shafti ya skrubu ilikuwa ikicheza mbele na nyuma ndani ya nafasi yake, na kila kichwa kilipoanza kuondoka shafti ilisogea kwanza, ndipo ikasukuma gia. Alikata washa nyembamba, vipete vya kujaza nafasi, kutoka kwenye bati la kopo la rangi ya viatu, akazivisha mwisho wa shafti mpaka mchezo ule ukaisha. Kisha akageukia magurudumu. Kati ya yote, ni machache tu yaliyokuwa yakichukua umeme kutoka kwenye reli, ndiyo maana punje moja ya vumbi ilitosha kukizima kichwa. Akachukua waya mwembamba wa shaba wenye unyumbufu, akaukunja ukawa kama masharubu, akaufunga ili uguse migongo ya magurudumu yote kwa wepesi, bila kuyakaba.

Alipokifunga tena na kukijaribu, kilikuwa kimebadilika. Hakikukwama tena njiani. Lakini kuondoka, bado kiliondoka kwa kishindo.

"Kimepata adabu," alisema Kinyonga. "Hakijapata akili."

"Akili iko kwenye mota. Hii sumaku na pembe zake siwezi kuiosha ikatoka."

Alitafuta mota nyingine katika masanduku yake, akajaribu iliyotoka kwenye kamera na iliyotoka kwenye mashine ya kutarizi. Moja ilikuwa nene kupita bodi, nyingine ilikuwa na ugonjwa ule ule. Kaka yake alikuwa anakuja karibu kila siku sasa, kwa kisingizio cha kunyoosha miguu.

Ndipo akatokea Daktari wa Meno. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha reli ndogo na bingwa wa mbio za kuchelewa, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyezoea kuzungumza na watu wasioweza kumjibu. Alikuja akiwa amebeba kwapani cherehani ya mkewe, iliyokuwa ikikata uzi.

"Kumbe mwenzetu yuko hapa!" alisema alipomwona Kinyonga. "Tumekumiss ukumbini. Nilidhani umetususa."

"Sikuwasusa. Nilikuwa na shughuli."

Daktari aliona kichwa cha kijani mezani, kifua wazi, matumbo nje. Hakuuliza ruhusa ya kutazama, aliinama tu kama alivyozoea kuinamia vinywa. Bi Sindano akamweleza, na akampa ile mota aizungushe.

"Naam," alisema Daktari. "Mng'ang'anio. Mimi nilinunua kichwa changu kikiwa na mota isiyo na chuma ndani. Koili tupu, waya uliosokotwa, ndiyo inayozunguka, sumaku haina cha kushika." Akajikuna kidevu. "Unajua, kile kifaa changu cha kukerezea meno kina mota ya aina hiyo hiyo. Ninacho kimoja cha zamani, kishikio chake kimepasuka, kiko kwenye droo. Ni chembamba kama kalamu."

"Lete," alisema Bi Sindano.

"Dada yangu, kaka yako akinishinda kwa mota yangu mwenyewe, nitauweka wapi uso?"

"Utauweka pale pale ulipo. Nani ataung'oa?"

Daktari alicheka kicheko kikubwa kuliko sauti yake. Alileta mota kesho yake, imefungwa katika karatasi ya dawa, na pamoja nayo vijisindano vichache vya kukerezea, vilivyokwisha makali kwa meno ya watu lakini si kwa plastiki.

Bi Sindano aliishika ile mota, akaizungusha shafti kwa kidole kimoja. Ilikwenda kama kijiko ndani ya asali. Alimpa kaka yake, naye akaizungusha, na wote wawili wakatabasamu kama watu waliosikia habari njema kutoka chumba cha pili.

Kazi haikuwa ya kupachika tu. Mota hiyo ilizoea kukimbia mno, hivyo ilibidi katikati yake na magurudumu pawekwe gia za kuipunguza mwendo. Alizipata kwenye mashine ya kutarizi iliyokufa, ndogo kama vifungo vya shati la mtoto. Pili, ilikuwa ndefu. Kwa kutumia vile vijisindano vya Daktari alichonga nafasi ndani ya bodi kidogo kidogo, akipuliza vumbi, mpaka mota ikalala. Lakini kitako chake kilichomoza ndani ya kibanda, pale pale alipokaa dereva wa plastiki.

"Huyu bwana itabidi ashuke," alisema.

Kinyonga aliinuka kwenye kiti. "Ashuke aende wapi?"

"Hana nafasi, kaka. Mota inakaa kwenye mapaja yake."

"Treni haiendi bila dereva. Hata kama ni ya plastiki. Sitaki."

"Mtu mzima unanililia sanamu?"

"Ndiyo, nalia. Nimekaa humo ndani maisha yangu yote, leo mnishushe?"

Bi Sindano alimtazama, akaona kuwa hatanii. Akachukua msumeno mwembamba, akamkata yule dereva kiunoni, akamgundisha juu ya mota. Kutoka nje, dirishani, ilionekana kofia na mabega yake kama kawaida.

"Miguu yake hakuna aliyewahi kuiona," alisema. "Umeridhika?"

"Amekaa wima zaidi kuliko mwanzo," alisema Kinyonga, akarudi kuketi.

Mwisho ikabaki kazi ya kuongeza gurudumu zito. Alikata kipande cha shaba kutoka kwenye kitasa cha zamani, akakifunga kwenye mashine ya kukereza, akakitoa kikiwa mviringo na kinene kama ncha ya kidole gumba, na tundu katikati. Alikivisha kwenye shafti ya mota. Mara ya kwanza alipowasha, kichwa kizima kilivuma kama nzi ndani ya chupa, kwa sababu tundu halikuwa katikati kabisa. Akakitupa, akakereza kingine. Cha pili nacho kilivuma kidogo. Akakikwangua upande mmoja, akakijaribu, akakikwangua tena, mpaka sauti ikaisha na kilichobaki kikawa mnong'ono.

Kinyonga alikuwa akitazama yote hayo. "Hiyo shaba ya nini?"

"Ni uzito unaozunguka. Ukishaanza kuzunguka hautaki kusimama ghafla, na ukiwa umesimama hautaki kuondoka ghafla. Umeme ukiyumba, wenyewe unaendelea. Mkono ukiyumba juu ya kizungushio, magurudumu hayapati habari."

Aliona uso wa kaka yake ukifungika kama mlango.

"Kumbe," alisema Kinyonga. "Umeniwekea mkongojo."

"Kaka..."

"Ulisema shida si mkono wangu. Uliniita hapa, ukamfanya na mke wangu azungushe, mkanicheka. Sasa umekereza shaba ya kuuficha. Kitakachokwenda pale mezani si mimi, ni hiyo shaba."

Mke wa Kinyonga, aliyekuwa amekuja na kikapu cha sokoni, alisimama mlangoni asijue aingie au arudi. Bi Sindano alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Angeweza kumbembeleza, lakini hakujaliwa kipaji hicho.

"Kile kichwa ulichokuwa unaendesha kazini," alisema, "uzito wake ulikuwa kiasi gani?"

"Tani themanini na kitu. Na mabehewa nyuma yake."

"Ukitikisa kile chuma cha kuongezea nguvu, kidogo tu, treni ilikuwa inaruka?"

"Itaruka vipi? Tani themanini!"

"Ukipiga chafya?"

Kinyonga akainua uso.

"Ukipiga chafya, umeshika chuma hicho, abiria walikuwa wanajua?"

"Hawajui," alisema polepole. "Uzito unameza."

"Haya. Basi ulikuwa na mkongojo wa tani themanini, na hukuwahi kuuonea aibu. Kila dereva anao. Hiki kidude nikikiweka mizani hakifiki hata nusu ya pasi. Waliokitengeneza walikipa sura ya treni, ngazi na taa, hawakukipa uzito wa treni. Mimi sijakuongezea wewe kitu. Nimekirudishia chenyewe kilichokuwa chake. Mkono wako unatetemeka, sikatai, macho ninayo. Lakini kuondoka taratibu hakukuwa kwenye kiganja chako hata siku moja. Kulikuwa hapa." Akajigonga kwenye paji la uso. "Kujua lini uongeze na lini usubiri. Hilo shaba haijui."

Nje ikapita pikipiki. Mke wa Kinyonga aliingia, akaweka kikapu chini.

"Mume wangu," alisema, "kama hutaki kuendesha, niachie mimi. Nyanya zangu zinapondeka."

Kinyonga alimtazama mkewe, akamtazama mdogo wake. Kisha akavuta kiti mezani, akautoa mkono wake wa kulia, akauweka juu ya kizungushio. Ulikuwa ukitetemeka, na hakuna aliyejifanya kutouona. Akazungusha.

Mwanzoni walidhani bado kimenuna. Mke wa Kinyonga ndiye aliyegundua, kwa sababu aliinama mpaka shavu likagusa meza. "Kinakwenda," alinong'ona. Magurudumu yalikuwa yakizunguka kama mshale mrefu wa saa, ule unaohesabu dakika. Yule dereva nusu mtu alipita mbele ya kikopo cha mafuta, akachukua muda wake, akakiacha nyuma. Kinyonga alizima redio ya dukani bila kuondoa macho kwenye reli.

"Hapa angeongeza kijana asiyejua," alisema, kama anayefundisha darasa. "Mimi siongezi. Nasubiri ushike wenyewe. Haya. Sasa ndiyo naongeza."

Tangu siku hiyo alikuwa hakai nyumbani. Alifanya mazoezi mpaka wateja wa Bi Sindano wakazoea kupitisha vitambaa vyao juu ya reli. Akajua kuwa kichwa kikipoa asubuhi kinataka umeme kidogo zaidi, na kikipata joto kinataka apunguze. Akamwomba mdogo wake apunguze kidogo yale masharubu ya shaba upande wa kushoto, yalikuwa yakikaba. Bi Sindano alipima, akakuta ni kweli.

Mashindano yalipofika tena, ukumbi juu ya duka la rangi ulijaa. Mke wa Kinyonga alikaa mstari wa mbele na kikapu mapajani. Bi Sindano alisimama nyuma, mikono kifuani, kama mwalimu wakati wa mtihani. Kinyonga alipita raundi za mwanzo bila jasho: mpinzani wa kwanza kichwa chake kilikwama, cha wa pili kiliruka, na aliyekuwa mwenye kichwa hicho akakidaka huku analaani mafundi wote duniani.

Fainali ikawa yeye na Daktari wa Meno. Kichwa cha Daktari kilikuwa cheusi, kinang'aa, na kiliongozwa na kompyuta ndogo ya mfukoni. Daktari akanyoosha mkono, Kinyonga akautoa wake mfukoni akampa. Kisha, badala ya kuurudisha, akakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Watu waliuona. Wengine walitazamana. Yeye aliuweka juu ya kizungushio kama mtu anayeweka kofia kwenye msumari wake.

Katibu wa chama, mama mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alipuliza filimbi, akainama na kioo cha kukuzia. Vichwa vikaondoka. Angalau, ilisemekana vimeondoka.

"Cha kijani kimesimama!" alisema mtu.

"Kimya!" alisema katibu. Aliusogeza uso mpaka pua ikakaribia reli. "Hakijasimama. Gurudumu linazunguka. Nauona mstari wa rangi unashuka."

Baada ya muda kile cheusi kikatangulia, mwanzo kwa upana wa kidole, kisha kwa urefu wake. Daktari akabonyeza kompyuta yake kukipunguza. Kikapungua, kikapungua, kikafika mahali ambapo hakikuweza kupungua zaidi bila kuzimika, na Daktari, aliyejua mashine yake, akakiacha. Kinyonga hakukitazama. Alikuwa anatazama chake, kichwa ameinamisha upande mmoja, anasikiliza. Mkono ulitetemeka juu ya kizungushio, na chini yake magurudumu yakawa kama hayana habari.

Kile cheusi kikafika mwisho, kikagusa kizuizi. Cha kijani kilikuwa hakijafika katikati ya meza.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mke wa Kinyonga akasimama, kikapu kikaanguka. Daktari akaizunguka meza ili amkumbatie mshindani wake, lakini Kinyonga akamzuia kwa mkono wa kushoto.

"Subiri kwanza."

"Umeshinda, mzee! Kizime tule."

"Nizime katikati ya njia? Abiria wangu niwashushe porini?"

Basi wakasubiri. Mwanzoni walicheka, wakapiga miluzi, mmoja akajifanya anakoroma. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakasogea na kuinama, ukumbi mzima ukazunguka meza na macho usawa wa reli. Hawakuwa wakitazama mashindano tena, maana yalikwisha. Walikuwa wakitazama kitu kidogo kinachokwenda sawasawa. Kilipokaribia mwisho Kinyonga alianza kupunguza, mapema kuliko mtu yeyote alivyotarajia, na kile kichwa kikakisogelea kizuizi, kikakigusa bila kukitikisa, kikatulia.

Ndipo akaondoa mkono na kusema, "Tumefika."

Daktari wa Meno ndiye aliyepiga makofi ya kwanza. Kisha akaenda nyuma ya ukumbi, akiwa amekamata kichwa chake cheusi kwa mikono miwili.

"Bi Sindano," alisema, "huyu mgonjwa wangu naye ana kitu. Akifika mwendo wa chini kabisa anasitasita. Utamfungua?"

"Nitamfungua. Lakini nimjaribu mwenyewe sina wakati, nina cherehani zimenijaa. Ana mtu wake wa kumjaribu." Akaelekeza kidevu kwa kaka yake. "Akisema kimepona, ndiyo kimepona. Akisema bado, hata ukikasirika, hakitoki dukani."

Wengine wawili walikuwa wameshapanga foleni nyuma ya Daktari.

Jumatatu Kinyonga alifika dukani mapema kuliko mwenye duka. Bi Sindano alimwekea meza yake upande wa pili wa dirisha, taa, na kipande kirefu cha reli. Asubuhi yote alifanya kazi na kichwa cheusi cha Daktari, sikio karibu, akirudi nyuma na kusonga mbele, mpaka akasema shida ni gia ya pili, ina jino lililochakaa. Bi Sindano alifungua, akatazama kwa kioo, akatikisa kichwa kukubali.

Mchana akaja mteja, akajaribu cherehani yake kabla ya kuichukua. Ilikwenda vizuri. Kinyonga aliinua shingo kutoka kwenye reli yake.

"Mdogo wangu, huo mkanda naona umelegea kidogo. Nausikia."

Bi Sindano hakugeuka.

"Kaka," alisema, "treni zako. Cherehani niachie mimi."

Kisha mteja alipotoka nje kutafuta pikipiki ya kuibebea cherehani, aliukaza mkanda.